Édouard Lucas na namba yake ya tarakimu 39

Édouard Lucas alizaliwa Amiens, Ufaransa, mwaka 1842. Katika vita ya 1870 alikuwa ofisa wa mizinga. Kiisha akafundisha hesabu ku sekondari za Paris. Mwalimu tu, lakini angalia kazi yake.

Kamata 2 mara 127, uzizidishe zote pamoja, kiisha utoshe 1. Inatoka hivi: 170 141 183 460 469 231 731 687 303 715 884 105 727. Je, iko namba ingine inayoigawanya bila kubakia kitu? Kujaribu moja moja, maisha ya muntu haitoshi. Lucas alitafuta njia ya mukato, na mwaka 1876 akahakikisha: hakuna, paka 1 na yenyewe. Alihesabu kwa mukono! Miaka 75 hakuna aliyeonyesha namba ya aina ile kubwa kuliko hiyo.

Mwaka 1891, ku karamu moja ya wanasayansi, mutumishi akaangusha sahani, kipande kikamukata Lucas ku shavu. Kidonda kidogo tu. Sisi wa mugodi tunajua ile «kidogo tu», ile ambayo hata ku kitabu cha aksida haiandikwe. Kidonda kikaingia ugonjwa, na kiisha siku kidogo akakufa. Alikuwa na miaka 49.