Yutaka Ozaki, sauti ya vijana wa Japani

Katika kitivo chetu tumezoea kuchambua washairi waliochapishwa vitabuni. Leo nataka kuwasimulia maisha ya mshairi wa gitaa, Yutaka Ozaki wa Japani. Nimemchagua kwa sababu aliacha shule karibu na mwisho wa masomo, na sisi tunaotafuta diploma hatuna budi kujiuliza kwa nini wanafunzi wengi walimsikiliza.

Ozaki alizaliwa Tokyo tarehe 29 Novemba 1965, akajifunza gitaa tangu utotoni. Miaka ile shule za Japani zilikuwa na kanuni kali na mashindano makubwa ya mitihani. Tarehe 1 Desemba 1983, akiwa mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 18, alitoa wimbo wake wa kwanza pamoja na albamu ambayo jina lake lina maana ya ramani ya miaka 17. Kisha akaacha shule. Machi 1984, siku ambayo wenzake walikuwa wakipokea vyeti, yeye aliimba onyesho lake la kwanza katika ukumbi mdogo wa Shinjuku.

Agosti mwaka uleule, katika tamasha la kupinga silaha za nyuklia huko Hibiya, alipanda mnara wa taa, akaruka, akavunjika mguu, lakini akaendelea kuimba. Mwaka 1985 ulikuja wimbo wake uitwao Sotsugyō, yaani kuhitimu. Humo kijana anauliza kama cheti kinamkomboa kweli mtu, au kinamhamisha tu kutoka kifungo kimoja hadi kingine. Albamu yake ya tatu ilitoka tarehe 28 Novemba 1985, siku moja kabla ya kutimiza miaka 20.

Hapo ndipo ilipoanza shida yake, kwa maoni yangu. Mtu aliyejulikana kwa kusema kwa niaba ya vijana, akishakuwa mtu mzima aseme nini? Alikwenda kukaa New York kwa muda. Desemba 1987 alikamatwa kwa ajili ya dawa za kulevya. Alirudi jukwaani mwaka uliofuata katika uwanja wa Tokyo Dome, akapata mtoto wa kiume mwaka 1989, akatoa albamu nyingine mwaka 1990. Asubuhi ya tarehe 25 Aprili 1992 alikutwa amelewa na kuumia katika uwanja wa nyumba ya watu, akafariki siku hiyohiyo. Alikuwa na miaka 26. Watu karibu 40,000 walisimama mvuani kumuaga kwenye hekalu la Gokoku-ji.

Nikimtazama kama mwanafunzi wa lugha, naona kwamba nguvu yake haikutoka kwenye msamiati mgumu. Alitumia maneno ya kila siku ya shule, barabara na usiku, na wimbo wake I Love You umeimbwa upya hata kwa Kikorea. Sishauri mtu aache masomo kama yeye; maisha yake yenyewe yanaonyesha gharama. Lakini swali lake kuhusu cheti linatuhusu. Tusisubiri siku ya kuhitimu ndipo tujiulize tumejifunza nini na kwa faida ya nani.