Laurel Clark: Daktari aliyeacha wodi ya watoto akaishia angani

JINA la Dkt Laurel Clark limo katika orodha ya wanaanga saba walioangamia pamoja na chombo cha Columbia mnamo Februari 1, 2003. Wengi humkumbuka kwa kifo hicho tu. Ni wachache wanaofahamu kwamba alianza kazi yake akiwatibu watoto, na kwamba kabla ya kupaa angani alikuwa amehudumu chini ya bahari.

Alizaliwa Machi 10, 1961, mjini Ames katika jimbo la Iowa, Marekani, akaitwa Laurel Salton. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Mji wa Racine, jimbo la Wisconsin, ndio aliouhesabu kuwa kwao, na huko ndiko alikohitimu shule ya upili mwaka wa 1979. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, akapata shahada ya elimu ya wanyama mwaka wa 1983 na ile ya udaktari mwaka wa 1987.

Karo ya udaktari nchini Marekani si mzigo mwepesi. Jeshi la wanamaji lilimgharamia masomo, naye akawajibika kulitumikia baada ya kuhitimu. Kati ya 1987 na 1988 alikuwa katika hospitali kuu ya jeshi hilo mjini Bethesda, jimbo la Maryland, akijifunza udaktari wa watoto. Kwa kawaida mafunzo ya kuwa daktari bingwa wa watoto huko huchukua miaka mitatu. Yeye alikomea mwaka wa kwanza.

Kwa daktari kijana, uamuzi wa aina hiyo una gharama. Anayeacha mafunzo njiani huwaona wenzake wakiendelea kupanda ngazi, wakipata ubingwa na heshima yake, ilhali yeye anaanza upya mahali asipojulikana. Aidha, akishindwa huko aendako, si rahisi kurejea alikotoka na kukuta nafasi yake ikimsubiri.

Clark alielekea baharini. Mwaka wa 1989 alihitimu mafunzo ya tiba ya mabaharia wa nyambizi na ya wapiga mbizi. Alipelekwa Holy Loch, Uskochi, kuongoza idara ya matibabu ya kikosi cha nyambizi za Marekani kilichokuwa na makao yake huko. Alipiga mbizi pamoja na wanajeshi, na mara nyingi alisimamia shughuli ya kuwaondoa wagonjwa kutoka ndani ya nyambizi.

Baadaye alisomea tiba ya marubani kwa miezi sita huko Pensacola, Florida. Akawa daktari wa kikosi cha ndege za kivita mjini Yuma, jimbo la Arizona. Ingawa kila hatua ilimwondoa mbali zaidi na wodi aliyoanzia, hakuuacha udaktari. Aliupeleka kwa watu wanaofanya kazi mahali ambapo mwili wa binadamu haukuumbiwa kuishi, na ujuzi huo ndio hasa uliohitajika na shirika la anga za juu la Marekani, NASA. Aprili 1996 aliteuliwa kuwa mwanaanga.

Alisubiri karibu miaka saba kabla ya kusafiri. Columbia iliruka Januari 16, 2003, ikiongozwa na Rick Husband. Wengine walikuwa William McCool, Michael Anderson, Kalpana Chawla, Ilan Ramon wa Israeli, na David Brown, ambaye pia alikuwa daktari wa jeshi la wanamaji. Kwa muda wa siku 16 walifanya kazi kwa zamu, usiku na mchana, wakitekeleza majaribio takriban 80 ya sayansi. Mengine yalihusu mwili wa binadamu, na wanaanga wenyewe ndio waliopimwa.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Hii, hata hivyo, ilikuwa imebisha hodi mapema. Sekunde zipatazo 82 baada ya chombo kuruka, kipande cha povu gumu la kuhami tangi la mafuta kilibanduka na kugonga bawa la kushoto. Baadhi ya wahandisi waliomba bawa hilo lipigwe picha chombo kikiwa angani, lakini wakuu hawakuidhinisha. Wanaanga waliarifiwa kuhusu kipande hicho, wakaambiwa kwamba hakikuwa jambo la kuwatia wasiwasi.

Asubuhi ya Februari 1, Columbia ilipoingia tena katika angahewa, hewa yenye joto kali ilipenya kwenye tundu la bawa na kuliharibu kwa ndani. Chombo kilisambaratika juu ya Texas, dakika 16 hivi kabla ya wakati wa kutua Florida. Clark alikuwa na umri wa miaka 41. Alimwacha mume, Dkt Jonathan Clark, aliyekuwa daktari katika NASA, na mtoto wao wa kiume wa miaka minane. Alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington.

Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Agosti 2003 ililaumu povu hilo, lakini pia ililaumu desturi ya shirika lililozoea hatari kiasi cha kutosikiliza waliotilia shaka. Safari ziliporejelewa Julai 2005, kinga ya joto ilianza kukaguliwa chombo kikiwa angani, utaratibu uliodumu hadi vyombo hivyo vilipostaafishwa mwaka wa 2011.

Mumewe alishiriki katika uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2008, kuhusu jinsi wanaanga wanavyoweza kulindwa chombo kinapoharibika. Uchunguzi huo uligusa mikanda ya viti, mavazi na helmeti, na ukapendekeza marekebisho kwa ajili ya watakaosafiri baadaye.