William Ramsay

William Ramsay (Glasgow, 2 Oktoba 1852 – High Wycombe, 23 Julai 1916) alikuwa mwanakemia kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kwa ugunduzi wa gesi adimu, yaani elementi ambazo kwa kawaida haziungani na elementi nyingine. Mwaka 1904 alipokea Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Maisha

Alisoma Glasgow, akapata shahada ya uzamivu huko Tübingen, Ujerumani, mwaka 1872. Alikuwa profesa mjini Bristol tangu 1880, halafu London tangu 1887.

Ugunduzi

Mwanafizikia Lord Rayleigh aliona kwamba nitrojeni iliyotolewa hewani ilikuwa nzito kuliko ile iliyotolewa katika kampaundi zake, kwa takriban nusu asilimia. Ramsay alipitisha nitrojeni ya hewani mara nyingi juu ya magnesi ya moto, ambayo hufyonza nitrojeni. Ilibaki gesi kidogo iliyotoa nuru isiyolingana na ile ya elementi yoyote iliyojulikana. Mwaka 1894 wawili hao waliitangaza. Iliitwa arigoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "mvivu".

Wataalamu kadhaa walikuwa na shaka, kwa sababu jedwali la elementi halikuwa na nafasi yake. Mendeleev alidhani ni nitrojeni yenye atomu 3. Ramsay alimpelekea Henri Moissan wa Paris arigoni ili aijaribu kwa florini, elementi iliyo kali kuliko zote katika kuungana, haikuungana.

Mwaka 1895 Ramsay alipata heli katika madini ya urani. Mwaka 1898, pamoja na Morris Travers, alitenga kriptoni, neoni na xenoni kutoka hewa iliyogeuzwa kuwa kiowevu. Jedwali likaongezwa safu mpya, na baadaye Mendeleev mwenyewe aliikubali.

Sababu ya kutoungana

Maelezo yalitolewa na Gilbert Lewis na Walther Kossel mwaka 1916, mwaka uleule Ramsay alipofariki. Atomu huungana kwa kupeana au kushirikiana elektroni za mzingo wa nje. Gesi adimu zina elektroni 8 katika mzingo huo (heli ina 2), hivyo hazihitaji kupokea wala kutoa.

Gesi asilia ya Songo Songo, wilayani Kilwa, mkoa wa Lindi, ni tofauti. Sehemu yake kubwa ni methani, nayo huwaka kwa sababu kaboni na hidrojeni zake huungana na oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko zinavyoshikana zenyewe. Arigoni haiwaki.

Hata hivyo, mwaka 1962 Neil Bartlett alitengeneza kampaundi ya xenoni. Elektroni zake za nje ziko mbali na kiini, hivyo hazishikwi kwa nguvu sana.

Heli nchini Tanzania

Mwaka 1903 Ramsay na Frederick Soddy walionyesha kwamba radi hutoa heli. Kwa njia hiyohiyo, urani na thori katika miamba ya kale zimetoa heli iliyoko bonde la Rukwa, ambayo habari zake zilitangazwa mwaka 2016.