Arthur Brooke na Thamani ya Jina

Arthur Brooke alizaliwa mwaka 1845 huko Ashton-under-Lyne, Uingereza, katika nyumba ya mfanyabiashara wa chai. Mnamo 1869 alifungua duka mjini Manchester na kuliita Brooke, Bond. Bwana Bond hakuwapo kamwe. Brooke alivutiwa tu na mlio wa jina. Mpenzi wa lugha atatambua, hata hivyo, kwamba neno hilo katika Kiingereza ni ahadi, tena ni hatifungani, yaani deni linalouzwa na kununuliwa.

Maduka yaliongezeka, na mwaka 1892 biashara ikawa kampuni ya hisa. Hapo ndipo huzuka swali la muundo wa mtaji: fungu lipi ni la wenye hisa, na lipi ni la wadai? Vitabu vya hesabu hujibu kwa bei za jana. Mathalani, hisa 1,000 zilizotolewa kwa shilingi 10, pamoja na deni la shilingi 10,000, huonekana nusu kwa nusu. Hisa hizo zikifikia shilingi 30 sokoni, ilhali deni halijabadilika thamani, wenye hisa watakuwa na 30,000 katika 40,000, yaani asilimia 75. Ziada hiyo aghalabu hutokana na faida inayotarajiwa na sifa ya jina. Nalo jina, Brooke alilibuni bila kulipa senti!

Alifariki mwaka 1918, kabla kampuni yake haijapanda mche wowote Kericho. Mradi wa kitani wa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani ulipoanguka huko katika miaka ya 1920, kampuni ilijipatia ardhi na kuotesha chai. Mwaka 1972 hisa za Brooke Bond Kenya ziliingia katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 1984 Unilever iliinunua kampuni mama, na wenye hisa walilipwa kwa kadiri ya soko, si ya vitabu.

Ardhi ya Kericho ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa Wakipsigis. Ama kwa vitabu ama kwa soko, waliohamishwa hawakuhesabiwa miongoni mwa wenye hisa wala wadai. Dai lao dhidi ya serikali ya Uingereza lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022.