Karoli Lwanga na Wenzake

Jina la Karoli Lwanga lajulikana katika kila nyumba ya Wakatoliki, na kila tarehe 3 Juni twaukumbuka moto wa Namugongo. Lakini ujasiri ule haukuzaliwa siku ile. Ulilelewa kwa miaka kadhaa katika jumuiya ya waamini, na habari hiyo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu.

Mapadre wa White Fathers walifika Buganda mwaka 1879. Mwezi Novemba 1882 iliwapasa kuondoka, wakavuka ziwa kuelekea kusini, hata wakapata makao Bukumbi, karibu na mji wa Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa muda huo wote Buganda hapakuwa na Misa wala Kitubio. Waliobatizwa walikuwa wachache, tena wageni katika imani. Nani asingedhani kwamba watatawanyika? Hawakutawanyika. Matia Mulumba aliwakusanya watu wake Mityana. Andrea Kaggwa aliwafundisha jirani zake. Na ikulu Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwaangalia vijana watumishi. Walisali pamoja, wakafundishana, wakawabatiza waliokuwa kufani. Mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka.

Lwanga ni tunda la kundi hilo. Aliingia ikulu mwaka 1884, Mwanga alipopata ukabaka, akapewa kazi ya kuwasimamia vijana wa barazani. Tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa aliuawa, kwa kuwa alithubutu kumkanya Kabaka juu ya kifo cha Askofu Hannington wa Waanglikana. Siku hiyohiyo Lwanga, aliyekuwa bado mkatekumeni, aliwaendea mapadre akabatizwa, kisha akarudi ikulu kushika nafasi ya marehemu. Aliwafundisha wadogo na kuwakinga na tamaa mbaya za Kabaka. Mwezi Mei 1886, hatari ilipokaribia na padre hayupo, yeye mwenyewe aliwabatiza wakatekumeni wachache, na kijana Kizito alikuwa mmojawapo.

Kabaka alipowaamuru wenye kusali wajitenge, Lwanga alitangulia, na wenzake wakamfuata. Siku ya Kupaa kwa Bwana, tarehe 3 Juni 1886, alitengwa nao akachomwa kwa moto wa polepole. Kisha wenzake wakachomwa pamoja, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu, wote kwa siku moja.

Basi, tujitazame sisi wenyewe. Wako kati yetu wasemao kwamba yatosha mtu kusali nyumbani kwake, na kwamba jumuiya ni kazi ya wasio na shughuli. Viko vigango ambavyo padre asipofika, waamini nao hawafiki. Twajiuliza: Kizito angalipata wapi nguvu, kama Mukasa na Lwanga wangaliona yatosha kuziokoa roho zao tu? Mtoto wa leo naye hujifunza imani kwa kuwaona wazee wake wakikusanyika, wakipatanishwa, wakiwatembelea wagonjwa. Asipoyaona hayo, mafundisho ya kitabuni humpotea upesi.

Twawasihi, ndugu wasomaji: padre asipofika Jumapili ijayo, mlango wa kigango ufunguliwe vilevile, na familia zote ziingie.