Alfred Blalock: Mpasuaji Aliyethubutu Kuigusa Thaimasi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii yasadifu maisha ya Alfred Blalock, mpasuaji Mmarekani ambaye sifa zake hazitimii pasi na kumtaja mwenziwe.

Blalock alizaliwa mwaka wa 1899 huko Culloden, jimbo la Georgia. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka wa 1922, lakini akanyimwa nafasi ya kuendelea na upasuaji pale. Mwaka wa 1925 alihamia Vanderbilt, Nashville. Mnamo 1930 alimwajiri Vivien Thomas, kijana Mweusi ambaye akiba yake ya karo ilipotea benki zilipofilisika.

Mwaka wa 1936 Blalock alimpokea mwanamke kijana mwenye maradhi ya kulegea misuli, yaitwayo miastenia. Nyuma ya mfupa wa kidari chake, penye tezi ya thaimasi, palikuwa na uvimbe. Blalock aliupasua mfupa huo, akauondoa uvimbe, na mgonjwa akapata nafuu. Taarifa yake ya 1939 iliwafungulia wengine njia. Baada ya kurudi Hopkins mwaka wa 1941, aliwatoa thaimasi hata wagonjwa wasio na uvimbe. Manufaa ya hatua hiyo ya pili yalithibitishwa kwa jaribio la kulinganisha wagonjwa mnamo 2016.

Hata hivyo, uvimbe wa thaimasi waweza kurejea baada ya miaka mingi, aghalabu katika utando wa mapafu. Inapowezekana, mpasuaji hukifungua kifua upya na kuondoa kila kipande, kwani masalio yakibaki, tumaini la mgonjwa hupungua.

Umaarufu mkubwa wa Blalock ulitokana na upasuaji wa moyo wa mtoto mnamo Novemba 1944, kufuatia wazo la Daktari Helen Taussig. Thomas, aliyekuwa ameufanyia majaribio upasuaji huo kwa mbwa, alisimama nyuma yake akimwelekeza. Hata hivyo, taarifa ya kitaalamu iliyofuata haikulitaja jina lake.

Blalock aliaga dunia mwaka wa 1964. Thomas alitunukiwa shahada ya heshima mnamo 1976. Sisi wanagenzi wa fasihi tunaosoma tawasifu na wasifu hatuna budi kujiuliza: ni nani aliyesimama nyuma ya shujaa, na ni kwa nini msimulizi hakumwona?