Shule ya Keres Ilikuwa Sanduku la Posta

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa chama chetu cha sataranji, mchezo ambao vijana wengi wanauita chesi, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Nilikuwa nimewasimulia jinsi watu walivyokuwa wakicheza kwa barua: mmoja aliandika hatua yake kwenye kadi ya posta, akabandika stempu, kisha akangoja majuma mawili au matatu hadi jibu la mwenzake lifike kutoka nchi nyingine. Kijana huyo alitaka kujua iwapo mchezo ambao mtu ana siku tatu nzima za kuwazia hatua moja unaweza kumalizika kwa hatua kumi na tano tu, kama ile ya wenye pupa wanaochezea chini ya mti wakati wa mapumziko.

Unaweza, na umemalizika hivyo mara nyingi. Hata hivyo niliona kumjibu kwa neno moja ni kumdhulumu. Nikamweleza habari za Paul Keres, na leo nimeonelea niwaeleze wasomaji pia, hususan walimu wenzangu, kwa kuwa maisha ya mtu huyo yanagusa jambo ambalo limekuwa likinikera kwa muda mrefu katika kazi yetu.

Keres alizaliwa tarehe 7 Januari 1916 katika mji wa Narva huko Estonia, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya ambayo wakati huo ilikuwa ingali chini ya mfalme wa Urusi. Alikulia Pärnu, mji wa pwani usio mkubwa, ambako baba yake alikuwa mshonaji wa nguo. Yeye na kaka yake Harald, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafizikia mashuhuri, walifunzwa sataranji na baba yao. Vitabu vya mchezo huo vilikuwa adimu pale mjini kama theluji ilivyo adimu Lamu. Namna ya kuandika na kusoma hatua za kete waliibaini kutokana na mafumbo ya sataranji yaliyochapishwa gazetini. Kisha Paul akashika kalamu, akawa ananakili kila mchezo aliobahatika kuuona, hata mkusanyo wake wa maandishi ya mkono ukakaribia michezo 1,000. Sisi walimu ambao kila mkutano hatukosi kulalamikia uhaba wa vitabu, nami nikiwa mstari wa mbele, tungefaa kuitazama picha ya mvulana huyo na daftari lake kabla ya kufungua vinywa.

Baada ya muda wapinzani wa kumtoa jasho wakamwishia pale Pärnu. Bila nauli ya kwenda kuwatafuta wengine ng'ambo, akawatafuta kwa posta. Idadi yake inashangaza: wakati mmoja, akiwa bado kijana wa shule, alikuwa akiendesha michezo ipatayo 150 kwa mpigo, na kwa jumla inakadiriwa kwamba alicheza 500 hivi kwa njia ya barua. Mwaka wa 1935 alishinda ubingwa wa chama cha kimataifa cha sataranji ya posta kilichoitwa IFSB.

Sasa nilirudie swali la mwanafunzi wangu. Mchezo wa posta hufa mapema kwa sababu ambazo mwenye kuketi mezani na mpinzani wake hazijui. Kwanza, kilichoandikwa kimeandikwa. Ukikosea herufi moja ya mraba na kadi ikaondoka, hiyo ndiyo hatua yako, upende usipende. Pili, mwenye michezo mingi huweza kupanga kete vibaya kwenye ubao wake wa nyumbani, akawazia kwa siku tatu vita ambavyo havipo. Tena kuna desturi ya kuokoa muda na stempu kwa kutuma majibu ya mapema: ukicheza hivi, mimi nitacheza vile. Kinasimuliwa kisa cha bwana mmoja mwenye kete nyeusi aliyesogeza askari wake wa b hatua moja, kisha akaongeza kwenye kadi hiyo hiyo kwamba, mpinzani wake acheze atakavyo, hatua ya pili ingekuwa kumweka askofu katika b7. Mwenye kete nyeupe akampeleka askofu wake a6. Kwa kuwa ahadi ni deni, askofu mweusi alilazimika kwenda b7, akaliwa pale pale, na ngome iliyokuwa pembeni ikabaki haina pa kukimbilia. Hatua tatu, mchezo umekwisha! Muda wa kuwaza alikuwa nao tele, ila aliutoa sadaka kabla haujafika.

Michezo mifupi ya Keres haikutokana na ajali za namna hiyo. Aliitafuta kwa makusudi. Katika barua zake alipenda mianzo ya hatari ambayo mabwana wakubwa waliiona kuwa wazimu. Mmojawapo hadi leo unaitwa kwa jina lake pamoja na la Mason, mchezaji wa karne ya 19. Mwenye kete nyeupe anamtoa askari bure katika hatua ya pili, na katika ya tatu anamtoa farasi, huku akijua vyema kwamba malkia wa mpinzani atakuja mbio kumtishia mfalme wake. Mfalme analazimika kutoka kitini, anakwenda mbele, na haki ya kumficha nyuma ya ngome imepotea kabisa. Mwalimu yeyote wa sataranji, mimi nikiwemo, angemkemea mwanafunzi anayefanya hivyo. Keres alilifanya hilo tena na tena, akipeleleza ni wapi hasa hatari ilikuwa ya kweli na ni wapi ilikuwa hofu tu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba sataranji ya posta ni mchezo wa wazee waoga. Kwa yule mvulana wa Pärnu, posta ilikuwa mahali ambapo kushindwa kuligharimu stempu moja. Hakukuwa na watazamaji wa kumcheka, wala cheti cha kupoteza. Akishindwa kwa hatua kumi na nane alikuwa na kadi zote mezani, akaweza kuichambua kila moja na kuona kosa lilizaliwa wapi. Mimi nasahihisha insha kila juma, na naungama kwamba kalamu yangu nyekundu imewafunza wanafunzi wengi kuandika sentensi fupi zisizo na kosa wala wazo. Mwanafunzi aliyethubutu kutumia methali akaikosea, nilimkata alama. Yule aliyeikwepa methali kabisa, nikampa alama zake kamili. Sijui Keres angekuwa nani lau mwalimu wa namna yangu angekuwa akizisoma barua zake kabla hazijatiwa stempu.

Matunda yalionekana mwaka ule ule wa 1935 huko Warsaw, kwenye mashindano ya mataifa. Keres aliongoza timu ya Estonia akiwa na umri wa miaka 19. Alipokutana na William Winter wa Uingereza, alimwachia askari watatu mmoja baada ya mwingine, akawa anashughulika kuzitoa kete zake kana kwamba hajaibiwa kitu. Hatua ya 13 akamtoa farasi mbele ya mfalme wa Mwingereza. Ya 15, askofu. Ya 18, ngome. Baada ya hatua ya 19 Winter alisalimu amri. Huu haukuwa mchezo wa posta, lakini ulikuwa umefunzwa kwa posta.

Tangu hapo kupanda kwake kulikuwa kwa kasi. Mwaka wa 1937 alianza kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Tartu, na mwaka wa 1938, katika mashindano ya AVRO nchini Uholanzi yaliyowakusanya wachezaji wanane bora duniani, alifungana kileleni na Reuben Fine wa Marekani, akatangulizwa kwa kuwa alikuwa amemshinda Fine wao kwa wao. Alekhine, bingwa wa dunia, alikuwa nyuma yao, na Capablanca nyuma zaidi. Wengi waliamini kwamba zamu ya kuwania taji ilikuwa ya Keres.

Vita vikaja. Mwaka wa 1940 Muungano wa Kisovieti uliimeza Estonia, mwaka wa 1941 Wajerumani wakaitwaa, na mwaka wa 1944 Wasovieti wakarudi. Keres alikuwa amecheza katika mashindano yaliyoandaliwa chini ya Wajerumani, na kwa watawala waliorejea jambo hilo halikuwa dogo. Alijaribu kuondoka nchini, hakufanikiwa. Ulimwengu huo haukuwa na hatua ya kujaribia kwa bei ya stempu. Mwaka wa 1948, taji lilipowaniwa na watu watano mjini The Hague na Moscow, alishindwa na Botvinnik mara nne mfululizo, akamshinda mara ya tano wakati bingwa alikuwa amekwisha kujulikana. Wapo wanaoshuku kwamba aliamriwa ashindwe. Hoja hiyo imejadiliwa kwa miongo mingi na hakuna uthibitisho uliomaliza ubishi. Ninavyoona mimi, si lazima pawepo amri. Mtu anayejua kwamba kosa moja la siasa laweza kumgharimu uhai hachezi kama yule mvulana wa kadi za posta.

Alikuwa bingwa wa Muungano wa Kisovieti mara tatu, akawashinda mabingwa wa dunia tisa, kuanzia Capablanca hadi Fischer, lakini taji lenyewe hakulipata. Katika mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa alishika nafasi ya pili mara nne mfululizo, kuanzia 1953 hadi 1962. Mara ya mwisho alikosa nusu pointi tu kumfikia Petrosian. Mwaka wa 1975 alishinda mashindano huko Vancouver, Kanada. Akiwa njiani kurejea nyumbani, moyo wake ulisimama mjini Helsinki tarehe 5 Juni, ng'ambo tu ya ghuba inayotazamana na Tallinn. Waliohudhuria mazishi yake wanakadiriwa kufika 100,000. Estonia ilipopata tena uhuru iliweka sura yake kwenye noti ya krooni 5, iliyotumika tangu 1992 hadi nchi hiyo ilipochukua sarafu ya euro mwaka wa 2011.

Yule mwanafunzi nilimwandikia hatua zote 19 za Warsaw kwenye kipande cha karatasi. Juzi amenirudishia karatasi ikiwa imejaa michoro ya penseli, akishikilia kwamba Mwingereza alipaswa kumkataa yule askari wa pili, na kwamba mimi sina budi kuchukua kete nyeupe tuone. Tumekubaliana kuandikiana, hatua moja kila siku. Jana nimepokea ya kwanza.